Upau Uliokula Maneno

Asubuhi ya upasuaji wake, Zulaikha alikunywa chai ya maziwa na kula chapati. Nesi alimkuta akipangusa vidole. Habari zikamfikia daktari wa upasuaji, Musawo Sylvanus kama wenyeji walivyomwita, naye akatoka koridoni kumtafuta Husnah.

"Ulimwambia asile?"

"Nilimwandikia, Musawo. Wallahi nilimwandikia jana."

"Basi mbona amekula? Ningempa dawa ya usingizi tumbo likiwa limejaa, angetapika na kupaliwa. Angeweza kufa mikononi mwangu."

Husnah alikuwa Mnubi wa Bombo aliyeolewa Makindye, karani wa mapokezi katika hospitali hiyo ndogo. Kwa kuwa alijua Kiarabu cha madrasa, juu ya Kinubi cha nyumbani kwao, ndiye aliyeitwa kila alipofika mgonjwa kutoka Sudan. Zulaikha alihitaji zaidi ya mkalimani. Alikuwa mwalimu Omdurman kabla ya vita, na homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio akiwa mtu mzima. Kusema alisema vizuri, ila kusikia hakusikia kitu. Basi Husnah aliandika kwenye kompyuta ndogo ya mapokezi aliyoibeba wodini, skrini ikiwa imeelekezwa kitandani, naye Zulaikha akasoma na kujibu kwa sauti.

Walipomkaribia sasa, Zulaikha alizitazama nyuso zao, akakasirika kabla hawajaandika lolote.

"Mmeniambia nile, nimekula. Sasa mnaninunia nini?"

Husnah alirudi mezani, akakaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Mguu wake mmoja haukutaka kutulia. Je, alisahau kweli? Alikumbuka vidole vyake vikiligusa neno *la*, herufi mbili tu, lenye maana ya "usi". Au alikumbuka tu alichokusudia? Akampigia simu Abalo, fundi wa kompyuta za hospitali.

Abalo, binti wa mwanajeshi wa Kiacholi, alikulia kambini Mbuya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko. Alifika na kofia ya bodaboda bado mkononi.

"Dada Husnah, andika kama siku zote. Lakini leo macho iwe kwa skrini, si kwa kibodi."

Kompyuta ile ilitumia Linux, na chini ya skrini palikuwa na upau mdogo wa kubadilishia lugha. Husnah aliubofya kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu, kama alivyofanya kila mara, akaandika: usile chochote asubuhi. Kwenye skrini kukatokea: utakula chochote asubuhi.

Akaweka mkono mdomoni.

"Umeona?" Abalo alisema. "Ukibofya hii kitu, kompyuta inafikiri unaongea na upau. Dirisha yako ya kuandika inalala kidogo. Neno ya kwanza inaenda kwa upau, inapotea. Halafu dirisha inaamka, inapokea zingine."

"Tangu lini?"

"Labda tangu ile siku niliweka programu mpya. Hiyo ni juu yangu, dada."

Abalo alifungua setingi, akauamuru upau usichukue tena zamu ya dirisha. Wakajaribu: neno likatokea. Wakajaribu tena: likapotea. Akauzima na kuuwasha, upau ukatoweka kabisa pamoja na Kiarabu chote. Husnah alikuwa akizunguka nyuma ya kiti.

"Fanya haraka, Abalo."

"Nafanya. Acha kuzunguka, unanichanganya."

Lakini Husnah hakuweza kuacha. Alikuwa akiyapitia kichwani yote aliyomwandikia Zulaikha wiki ile, kila sentensi na neno lake la kwanza.

Mwishowe Abalo aliuficha upau usionekane tena, akaifanya lugha ibadilike kwa vitufe viwili vya kibodi. Waliandika mara nyingi. Hakuna neno lililopotea.

Husnah aliibeba kompyuta, akaenda kukaa kando ya kitanda, akaigeuza skrini kidogo ili waione wote wawili. Akaandika pole pole, akisoma kila neno: Nisamehe. Kompyuta ilikula neno. Hukutakiwa kula. Upasuaji utakuwa kesho.

Zulaikha alisoma, hasira ikamtoka. Akashika shingo yake iliyovimba kwa rovu.

"Kesho ni heri," alisema. "Nimepata siku moja zaidi ya sauti yangu."

Siku zote hizo Zulaikha hakuwa amenyamaza. Alisoma Kurani kwa sauti, alimrekodia binti yake aliyeko Port Sudan ujumbe baada ya ujumbe, hadi majirani wa wodini wakalalamika. Husnah alidhani ni hofu ya kisu.

Akaandika: Siku zaidi kwa nini?

"Si wewe uliyeniandikia? 'Utapoteza sauti yako.' Nililia, kisha nikasema basi, afadhali nipumue. Nikatia sahihi."

Huenda. Neno la kwanza lilikuwa *huenda*. Husnah aliandika, akakosea, akafuta, akaandika tena: HUENDA utapoteza sauti. Kwa wachache tu hutokea. Musawo anasema kwa wengi sauti hubaki.

Zulaikha alisoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Kisha akampiga Husnah begani kofi la nguvu, akamvuta kifuani mwake, akaanza kucheka na kulia pamoja, hata nesi akaja mbio.

"Mwite daktari," alisema. "Nataka aniambie mwenyewe, nawe uandike."

Musawo Sylvanus alikuja, akakaa, akajibu kila swali. Kesho yake walimfanyia upasuaji. Husnah alishindwa kukaa mapokezi. Alipanda ngazi na kushuka mpaka walinzi wakamuuliza kama ana mgonjwa wake humo ndani. Akawajibu kwamba anaye.

Jioni Zulaikha alifumbua macho. Alimwona Husnah, akameza mate kwa shida, na sauti ikatoka, nzito na yenye mikwaruzo.

"Nina njaa," alisema. "Sasa niandikie vizuri: nile au nisile?"