Jicho la Kamera ya Mzee Elinami

Eunike hakukusudia kuiba. Alichotaka siku ile ni kumwona ruhuka vizuri, yule mdudu mweusi, mdogo kama punje ya ulezi, anayetoboa kahawa ikiwa bado mtini. Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima kule juu ya Tengeru, na wenzake walikuwa wamechoka kuelezwa kwa maneno. Simu yake nayo, kila akiisogeza karibu na tunda, ilitoa ukungu mtupu.

Mtandaoni alisoma kwamba lenzi ya kamera ya zamani ya sinema, ukiigeuza upande wa mbele ukatazama simu, inakuza vitu ajabu. Na kamera ya namna hiyo ilikuwemo humo humo nyumbani. Baba mkwe wake, Mzee Elinami, aliachiwa na mmisionari mmoja aliyerudi kwao, akaitumia miaka mingi kupiga sinema za harusi na kipaimara pale usharikani. Filamu za kutia ndani yake haziuzwi tena, lakini mzee aliitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mara moja moja aliitoa, akaifuta vumbi na kuuzungusha ufunguo wake wa kukaza springi ili tu aisikie ikinguruma.

Siku hiyo mzee alikuwa amekwenda msibani kijiji cha Poli. Eunike alifungua sanduku, akaizungusha lenzi mpaka ikatoka, ndogo kama kifuniko cha soda, akaibana kwenye simu mbele nyuma kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli.

"Nitairudisha kabla hajafika," alijiambia.

Ilibidi asogee hadi simu karibu iguse tunda, tena abane pumzi, maana akitikisika hata kidogo picha inapotea. Lakini alipopatia, ruhuka alijaa kioo kizima: vinyweleo mgongoni, unga wa kahawa mdomoni, na tundu alilotoboa limeachama kama pango. Wakulima waliirusha picha ile simu hadi simu. Kesho yake wakaomba za kutu ya majani, kesho kutwa za utitiri. Lenzi ikabaki mfukoni mwa aproni ya Eunike.

Wiki ya tatu mzee alilivuta sanduku lake.

"Mama Arnold!" aliita, akimwita kwa jina la mjukuu wake kama kawaida. "Hebu njoo. Kamera haina jicho."

Eunike alisimama mlangoni, mkono mfukoni, vidole vimeishika lenzi.

"Labda ililegea ikaanguka, baba."

Wakatafuta wote wawili. Eunike alipiga magoti, akamulika chini ya kitanda kutafuta kitu alichokuwa nacho mwenyewe. Mwishowe mzee aliketi kitandani.

"Nitakuwa nimeitoa mimi, nikaiweka mahali," alisema polepole. "Kaka yangu Meshack alianza hivi hivi."

Eunike alimjua Meshack. Alimlisha uji kwa mkono wake miezi ile ambayo hakuwatambua hata wanawe. Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka, kisha ukauliza kama mzee atakunywa chai.

Tangu siku hiyo mzee alianza kujichunga. Aliandika kwenye daftari amekula nini, amefunga mlango gani. Jumapili alikataa kusoma Neno kanisani, kazi aliyoifanya miaka ishirini, asije akaruka mstari mbele za watu. Eunike akimtengea chakula hakuweza kumtazama usoni.

Akaona njia ya mkato. Aliitia lenzi kwenye mfuko wa koti jeusi la mzee ili aipate mwenyewe, mambo yaishe. Ijumaa aliipata. Alitoka uani na koti begani, lenzi kiganjani, uso umempauka.

"Koti hili nililivaa Poli," alisema. "Nilikwenda msibani na jicho la kamera mfukoni! Na sikumbuki, mama Arnold. Hata kidogo sikumbuki." Akakaa kwenye kigoda. "Barua ya mchungaji nimeshaiandika. Uzee wa kanisa naurudisha. Mume wako akipiga simu, mwambie anitafutie daktari wa kichwa."

Eunike alipiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Baba, nisamehe. Ni mimi niliyeichukua. Na ni mimi niliyeitia kwenye koti."

"Lini?"

"Siku ile ya msiba."

"Kwa hiyo tulipokuwa tunatafuta?"

"Ilikuwa kwenye aproni yangu."

Mzee alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi mimi ni mzima!" Kisha kicheko kikakatika. "Ungeiomba ningekupa. Daftari uliniona nikiandika?"

"Nilikuona, baba."

"Ukaniacha."

Mzee aliinuka, akaingia ndani na koti lake.

Barua aliichana. Jumapili iliyofuata alisoma Neno bila kukwama, na jioni alimwambia Eunike kwamba amemsamehe. Akamkabidhi na lenzi. "Mimi sina filamu. Wewe una kazi nayo."

Ikaonekana yameisha hapo. Picha zikabandikwa ofisini kwa kikundi, Eunike akasifiwa mbele ya mabwana shamba, naye akaitikia huku ameinamisha kichwa.

Ila juzi mzee hakuiona miwani yake. Alipapasa mezani, akapapasa dirishani, halafu kabla ya kutafuta kwingine akageuka kumtazama mkwewe. Alitazama tu, akisubiri.

"Sijaichukua, baba," alisema Eunike.

"Sawa," alisema mzee, akaendelea kumtazama.

Eunike aliacha vyombo, akaenda kumsaidia kutafuta.