Magunia Yaliyoloweshwa

Mdogo wangu alikuwa ndani ya kisima tulichokuwa tukichimba, mguu umebanwa na jiwe lisiloinulika mpaka maji yapungue, na pampu ilikuwa inazidi kulegea. Fundi ni mimi. Miaka kumi na tisa ya kutengeneza kompresa, nani angeniambia kitu?

Pampu ile iliendeshwa kwa hewa. Kompresa ilikaa mbali, ikisukuma hewa kupitia mpira hadi kwenye mota pale mdomoni mwa kisima; hewa ikisukuma pistoni, pistoni ikiendesha pampu. Nikaugusa mpira, ukaniunguza. Kompresa hupenda hewa ya baridi, na pistoni ni pistoni, nikajisemea. Nikauzungushia mpira wote magunia niliyoyalowesha maji.

Mota ikapiga mara chache, ikasimama.

"Kaka, maji yamefika shingoni," akaita. Watu husema hivyo kwa mambo madogo. Yake yalikuwa shingoni kweli.

"Vumilia, bado haijapoa."

Mkewe alikuwa amepiga magoti kando ya mota. "Shemeji, mbona ina barafu?"

"Kila mtu na kazi yake, shemeji." Barafu mchana wote huu wa jua? Nikaongeza gunia. Dakika zile, Mungu wangu, nisamehe.

Mwishowe nikaishika mwenyewe, vidole vikanata. Tundu la kutolea hewa lilikuwa limezibwa na barafu nyeupe. Jitu zima, nimesahau somo la wanagenzi: kompresa huibana hewa, hewa ikapata joto, kwenye mota hewa hutanuka ikifanya kazi, na kazi ile inakula joto lake mpaka unyevu unaganda. Vyuma vinafanana, mambo yanakwenda kinyume. Joto la mpira ndilo lililokuwa likituokoa, na mimi nimelizima.

Nikayararua magunia. "Shemeji, maji ya moto, haraka!"

Akaja na sufuria kutoka jikoni, tukamwaga kwenye tundu. Barafu ikatoka vipande vipande, pistoni ikagonga, pampu ikavuta.

Maji yakashuka. Ikaonekana kofia yake, kisha mabega. Nikamwita, nikamwita tena. Kichwa kilikuwa kimeinamia kifuani, na hakukiinua.

Shemeji hakuwa ametazama chini. Alikuwa amerudi na sufuria nyingine, ananiuliza amwage wapi.