Anakula Mboga Tu

Nasema mbele ya watu na mbele ya sufuria zangu: kosa lilikuwa la dada yangu Penina. Mimi nilimwambia vizuri kwenye simu, "Dada, Jumamosi Donald anakuja kula kwangu. Anakula mboga tu." Naye akanijibu kutoka Mbololo, "Nimeelewa, mdogo wangu. Niachie." Nikakata simu roho ikiwa imetulia. Mjinga ni mimi.

Donald ni daktari wa mifugo aliyestaafu. Alizunguka Kasigau na vijiji vyake akichanja mbuzi na kuzalisha ng'ombe, mpaka siku moja nyama ikamshinda. "Kila nikiona mbuzi kwenye sahani," aliniambia, "nahisi kama tunajuana." Nilicheka nikajishika mbavu, na nilipomaliza kucheka nikagundua kwamba nimempenda. Mimi ni mjane, nina hoteli hapa Voi, na sifa ya hoteli yangu ni kuku wa kukaanga. Mungu naye ana utani wake.

Sasa, enzi za kazi, Donald alipelekwa Ugiriki kusomea magonjwa ya mbuzi. Mama aliyempangisha chumba huko alikuwa mtu wa bustani, hana habari na bucha. Alimlisha pai ya mchicha, maharagwe makubwa yaliyookwa na nyanya, matango ndani ya mtindi mzito. Donald akisimulia chakula kile, macho yake huenda mbali, na mimi nashikwa na wivu juu ya bibi wa watu ambaye labda keshazikwa. Nikaapa kwamba Jumamosi nitampikia Ugiriki nzima, kisha, akishashiba, nimuulize ataendelea kula peke yake mpaka lini. Nilikuwa naogopa swali hilo kuliko ndovu.

Ijumaa nilifunga mtindi kwenye kitambaa nikautundika juu ya karai uchuje maji. Nusu ningeutia matango na kitunguu saumu. Nusu nyingine ilikuwa ya embe, kama nilivyofundishwa na Mama Hansa, jirani yangu Mhindi mwenye duka la viungo. "Embe tamu, mtindi mzito, sukari kidogo, iliki kidogo," alisema. "Usijitie mambo mengi, Tryphena. Nakujua." Embe nilizipata za Taveta, zimeiva mpaka zinanukia barabarani. Mgiriki na Mhindi wakagawana ng'ombe mmoja jikoni kwangu, na hakuna aliyelalamika.

Jumamosi Penina akaingia amebeba paja la mbuzi, dagaa wa omena kwenye gazeti, na sufuria yenye jogoo aliyekwisha pikwa.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

"Mboga."

"Dada! Si nilikwambia anakula mboga tu?"

"Ndiyo, na si nimeleta mboga? Nikasema, mtu asiyegusa ugali, mboga peke yake, huyo atahitaji nyingi."

Nikajishika kichwa. Maana ni kweli, kwetu ukiuliza leo mboga ni nini, unaweza kujibiwa kuku. Kinachoteremsha ugali chote ni mboga, kiwe kina miguu au hakina.

"Majani, Penina! Anakula majani!"

"Mwanaume mzima?" Akakaa chini. "Majani, kama sungura? Na amekuwa mgonjwa tangu lini, maskini?"

Nikamwambia apeleke vitu vyake vyote kwa jirani, na asiguse pai yangu iliyokuwa mezani ikisubiri kuingia kwenye oveni. Kisha nikaenda kuoga na kuvaa gauni la kijani. Kumwacha Penina peke yake na chakula ni kumpa fisi bucha alinde, lakini ningempokea Donald nikinuka kitunguu?

Donald alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, mkononi mche wa ndimu kwenye mkebe, eti zawadi. Tukala maharagwe. Akafumba macho. Akachovya mkate kwenye mtindi wa matango, akafumba tena, na mimi nikamsahau kabisa yule bibi wa Ugiriki. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Nikaenda jikoni kuitoa pai kwenye oveni. Penina akaninong'oneza sikioni, "Usiwe na wasiwasi, sikukuacha uaibike. Nimemwekea firigisi ya jogoo wangu ndani."

"Ndani wapi?"

"Katikati. Ama pembeni. Nilikuwa na haraka."

Ningemrukia, lakini mgeni alikuwa mezani, ananiona kupitia mlango. Nikaweka pai mezani nikaanza kuichoma kwa uma huku na kule.

"Unatafuta nini, Tryphena?" Donald akauliza.

"Natoa mvuke," nikasema.

Nikajipa mimi kipande cha katikati. Mchicha. Nikampa Penina cha pembeni. Mchicha. Nikampa Donald kingine, nikaomba Mungu. Akakata, akatia mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna. Akatoa firigisi nzima, akaiweka ukingoni mwa sahani, akaitazama kama mtu aliyekutana na mgonjwa wake wa zamani.

Kila mtu mezani alijua maana yake. Firigisi haipewi mtu hivi hivi, ni ya mwenye nyumba. Mwanaume mgeni akiwekewa firigisi, ameshaonyeshwa kiti. Basi Penina alikuwa amemposa Donald kwa niaba yangu, tena kwa nyama!

"Naleta embe," nikasema, nikakimbilia jikoni. Huko nililia kwa hasira, nikikoroga embe na mtindi na kunyunyiza iliki bila kuangalia. Nikamsikia Penina ukumbini.

"Daktari, usimkasirikie mdogo wangu. Ni mimi. Yeye alitaka kukupa majani."

Uma ukagonga sahani. Kisha sauti ya Donald, taratibu: "Kwenu hapa, hii anapewa nani?"

"Unajua vizuri anapewa nani."

Mwiko wangu ukasimama ndani ya bakuli.

"Kuila siwezi, shemeji," Donald akasema. "Lakini sijaikataa."

Shemeji! Nilijifuta uso kwa aproni, nikajifuta tena kwa kiganja kwa sababu aproni ilikuwa na embe. Nikatoka na mabakuli nikijifanya sikusikia kitu. Donald alionja, akapiga chafya mara tatu kwa wingi wa iliki, akaendelea kula mpaka kijiko kikagonga chini ya bakuli.

Penina akanyoosha mkono juu ya meza. "Kama hujaikataa, basi mimi nitakusaidia kuila. Isiharibike." Akaitia mdomoni kabla hatujajibu.

Donald akajifuta masharubu, akaniangalia, na masikio yake yalikuwa mekundu kuliko nyanya zangu.

"Na kesho, Tryphena," akaniuliza, "mboga itakuwa nini?"

"Majani," nikamwambia.