Marehemu Wenu

…wenu, nimesema wenu, Mungu amrehemu marehemu wenu na nyinyi awape subira, nimeyasema mbele ya wanaume wote hawa, kwenye hujra yangu mwenyewe, baraza la wageni wanaume, na marehemu ni mke wangu, tumemzika juzi, sasa viganja vyote viko juu kwa dua na hakuna anayecheka, laiti mtu angecheka, lakini ulimi umezoea, nifanyeje, miaka yote ya ubunge wa jimbo mimi ndiye niliyekuwa nikiingia, viatu mlangoni, mikono juu, maneno yaleyale, wilaya nzima ya Swabi hakuna kitanda cha kamba cha msibani ambacho sijakikalia, wapinzani walijenga barabara, mimi nilizika watu, na watu wakanipa kura, Wakili Inzar Gul wa chama alikuwa akininong'oneza jina la maiti garini kabla sijashuka, na leo kaja kwangu yeye, kaketi mkabala nami, jicho moja kalifumba na jingine linanipima, hata dua hakuisubiri, palepale mlangoni kaninong'oneza sikioni, "Pole sana, Khan Sahib, ila wakubwa wa chama kule Peshawar wanauliza, utasimama tena? Wanataka jibu leo," ndipo nilipochanganyikiwa, kusikia habari ya kura tu nikawa tena yule mpita njia mwenye pole mdomoni… mke wangu Bakhtmina angecheka, yeye angecheka mpaka ashike mbavu, kila niliporudi alinifungulia mlango wa uani huku akijitengeneza shela, "Karibu mgeni, umetoka mbali? Utalala au unapita?" nami humjibu napita, kuna msiba bondeni kwenye mashamba ya tumbaku, naye ananimiminia chai ya kijani, iliki nyingi kama nipendavyo, "Haya, siku moja na sisi tufiwe, labda utakaa," alisema hivyo, kwa utani, anapeta mchele, nami nikacheka, nikanywa nusu kikombe, nikaondoka… ile nusu nyingine, leo ningeinywa ikiwa baridi, ningeinywa na majani yake… hapa wote wanasema mama wa Aimal, Mungu amlaze pema mama wa Aimal, jina la mwanamke halitamkwi hujrani, hata mimi kwenye mikutano nilimwita wa nyumbani, wa nyumbani anawasalimu, watu wakipiga makofi, na huyo wa nyumbani alikuwa peke yake nyumbani, Bakhtmina, nalisema ndani ya meno, natamani niufungue ule mlango wa uani sasa hivi aniite mgeni, anitukane tu kwa jina hilo, nimelikumbuka mno… wameanza kupangusa nyuso, dua ya mwanasiasa ina kipimo chake, ukishusha mikono mapema watasema ana haraka, ukichelewa watasema anaigiza, nilikijua kipimo hicho kuliko mtu yeyote wilayani, wakili kapangusa, anakohoa, Aimal mwanangu ananigusa goti, "Baba, dua imekwisha," imekwisha yao, yangu haijaanza, nikipangusa uso nitakuwa nimemaliza, na nikimaliza mimi huwa natafuta viatu, najijua, "Khan Sahib," anasema wakili polepole, kama anayemwamsha mtu, "tuwaambie utasimama?" na mtu wa pembeni anamwambia, "Mwache mwenzio, bado anaomba," ni kweli naomba, mikono iko juu, Mungu amrehemu marehemu, si wenu, wangu, amrehemu Bakhtmina, nimelisema kwa sauti, nimelisikia likitoka, wanaume wameinamisha macho kwenye zulia, Aimal kauacha mkono wake juu ya goti langu, mlango wa hujra uko wazi na viatu vyangu viko pale pale, sivitazami… na sisi tumefiwa, Bakhtmina, nimekaa…