Bahasha Namba Kumi na Nne

Kila siku saa nne asubuhi, Dakta Kyule na Dakta Ngugi waliteremka kwenye kantini ya chuo chao pale Kitengela, wakaagiza chai na mandazi, kisha wakaanza kumlaani mtu mmoja asiye na jina.

Mtu huyo alikuwa amekalia makala ya Ngugi miezi saba. Jarida la chuo humpa mhadhiri mmoja kazi ya mwenzake aikague, majina yakiwa yamefichwa, na ni mwiko wawili hao kuizungumzia. Bila ukaguzi hakuna kuchapishwa. Bila kuchapishwa, Ngugi, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, hapandi cheo.

"Huyo mtu hana haya," Ngugi alizoea kuanza.

"Haya? Huyo hata utu hana!" Kyule alidakia. Aliifanya kazi hiyo ya kulaani kwa bidii ambayo mkuu wa idara hajapata kuiona kwingineko.

Jumatano moja Ngugi aliweka kikombe chini. "Faili yangu ya kupandishwa cheo lazima ifike makao makuu ya chuo, Kajiado, Ijumaa. Na ile makala, namba kumi na nne, bado iko kwa huyo mvivu."

Kyule aliacha andazi lake nusu.

Alirudi ofisini mbio, akafungua droo. Chini ya vyeti vyake vinne vya semina za ufanisi kazini ilikuwapo bahasha ambayo haijafunguliwa, na juu yake sekretari wa jarida, Keziah, alikuwa ameandika 14. Kyule aliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Akaketi, akasoma hadi jioni. Makala ilihusu punda wanaobeba maji mitaani, nayo ilikuwa kazi safi kabisa.

Kesho yake asubuhi alimpelekea Keziah ripoti.

"Leo jua limetokea wapi, Daktari?" Keziah aliuliza.

Ijumaa faili ilifika Kajiado ikiwa kamili, barua ya jarida ya kukubali kuichapisha makala ikiwa ndani. Kwenye chai Kyule hakuweza kuvumilia. "Mzee wangu, yule mtu ni mimi. Nisamehe."

Ngugi alikoroga chai yake polepole. "Najua. Niliona bahasha mwezi wa pili wa kungoja, nikitafuta stepla kwa droo yako."

"Na ukaninyamazia?"

"Sheria inakataza nikuulize mambo ya makala. Haikatazi nikutukane." Ngugi akacheka. "Lakini wewe ulinizidi. Ile siku ulisema huyo mtu akikufa tusimchangie mazishi, hata mimi nilikuonea huruma."