Sentimeta Nane na Nusu

Mimi si mtu mbaya. Lakini siku Doyle Pruitt aliponiletea bunduki ya Brenna Skaar niipime darubini yake, nilimwomba Mungu darubini hiyo iwe takataka.

Miaka tisa mimi na Doyle tumekwenda pamoja kwenye mashindano ya shabaha ya wawili wawili, kila vuli. Mmoja analala kifudifudi na bunduki, mwenzake anamsomea upepo. Halafu mwaka jana akaja huyu Brenna, daktari wa mifugo, akafungua kliniki yake karibu na maghala ya ngano, na tangu hapo imekuwa Brenna hivi, Brenna vile. Brenna kapiga shabaha ya chuma umbali wa yadi elfu kwa risasi ya kwanza. Brenna kamtoa ndama aliyekaa vibaya tumboni. Mke wa Doyle wala hakujali. Mimi ndiye niliyekosa hamu ya kula.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Doyle aliilaza bunduki juu ya boneti ya gari langu.

"Mzee mwenzangu, sikufichi," akasema. "Mwaka huu nafikiria kwenda na Brenna. Ila darubini yake hii ya bei ya katikati inanitia wasiwasi. Ipime. Ukisema mbovu, tunaenda mimi na wewe kama kawaida. Ukisema nzima..." Akajikuna shingo.

"Si anunue nyingine?"

"Mashindano wiki ijayo, Lyle. Na fomu naiposti leo saa sita mchana."

"Sasa kwa nini unipe mimi?"

"Nimpe nani? Darubini zote za klabu unapima wewe. Na hujawahi kutudanganya."

Dola mia tisa tu, kitu chenyewe. Yangu ilikula elfu tatu na ushei, nami nikamwambia mke wangu ni elfu moja. Nikaenda nayo uwanjani peke yangu, roho ikinichonyota njia nzima.

Kwenye ubao wa yadi mia nikabandika karatasi ndefu, nikachora mstari wima kwa timazi. Nikalala, nikachungulia. Kioo kilikuwa safi, laana! Nilimwona mpaka nzi aliyetua juu ya karatasi. Ukingoni mlikuwa na umanjano kidogo, huo nikauandika kwa herufi kubwa. Nikaandika pia kwamba darubini ni nzito kama tofali. Kile kifundo cha juu, cha kupandishia shabaha, kilikuwa kinalia ta, ta, ta, waziwazi kuliko changu. Hilo sikuliandika.

Sasa, darubini yangu inahesabu kwa dakika, zile za pembe, si za saa, kama za wazee wote wa hapa. Ya Brenna inahesabu kwa mili, kipimo kingine cha pembe. Nikafungua kikaratasi cha kwenye boksi: mili moja ni sentimeta kumi kwenye umbali wa mia. Rahisi. Nikapiga risasi tatu chini ya karatasi. Nikazungusha ta mia moja, yaani mili kumi kamili, nikalenga palepale, nikapiga tatu nyingine. Matundu yalipaswa kupanda mita nzima. Nikageuza futi yangu upande wa sentimeta, ule ambao sisi hatuugusi, nikapima.

Tisini na moja na nusu.

Nikapima tena. Lo! Nilicheka mpaka nikakohoa. Daktari wa ng'ombe, darubini yako inapunja sentimeta nane na nusu! Nikairudisha kwenye sifuri, nikapiga, risasi ikapita kwenye tundu lilelile la kwanza, wala haikusogea. Hilo nalo sikuona haja ya kulisema.

Klabu nzima ilikuwa mkahawani kwa Opal, kama kila Jumamosi, wanakula mikate laini iliyofunikwa mchuzi mzito wa soseji. Brenna alikuwa amekaa karibu na Doyle, kwenye kiti changu. Sikungoja hata kahawa.

"Inapunja," nikasema kwa sauti. "Mili kumi zake hazifiki kumi. Ukilenga swala, utaua nyasi."

"Pole, daktari!" akapiga kelele mmoja. "Wewe baki na ng'ombe, hao hukosi!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Doyle alitazama sahani yake. Brenna hakubisha. Aliomba ile karatasi yenye matundu na vipimo vyangu, akaitazama kwa muda, akaikunja vizuri, akanirudishia. Kisha akanifuata nje nilipokwenda kumwekea bunduki yake garini.

"Bwana Ostrander, samahani. Ule ubao ni yadi mia au mita mia?"

"Yadi, mama! Tangu lini hapa Montana tukapima kwa..."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Yadi ni fupi kuliko mita, na ile mia ya kwenye kikaratasi ilikuwa ya mita. Kwa yadi mia, mili kumi ni sentimeta tisini na moja na nusu, basi, hazizidi, hazipungui. Darubini ya dola mia tisa haikukosea hata unywele. Aliyekosea ni mimi, mzee wa miaka sitini na moja, niliyehamia kwenye sentimeta na kuuacha ubao kwenye yadi.

"Umemwambia Doyle?" nikamuuliza.

"Sijamwambia mtu. Kukosea kila mtu anakosea." Akapanda garini. "Ukitaka, sema mwenyewe. Usipotaka, basi. Mimi sitakuaibisha."

Akaondoka zake. Na mimi, badala ya kumshukuru, nilimchukia maradufu. Angenifokea ningejua la kumjibu. Anapiga shabaha kunizidi, amekalia kiti changu, na sasa hata uungwana ananizidi? Nilimwonea wivu mpaka kwenye uungwana wake, nasema kweli.

Ilikuwa saa tano na nusu. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya nusu saa tu, na Doyle angekuwa wangu. Nikamfikiria amelala kifudifudi, jicho kwenye kioo, ananiuliza, "Upepo, Lyle?" Mimi namjibu. Na yeye anavuta kifyatulio bila kuuliza mara ya pili, kwa sababu mimi simdanganyi.

Nikarudi ndani.

"Sikilizeni," nikasema. "Nimekosea. Nilipima kwa sentimeta, na ubao ni wa yadi. Darubini ni nzima. Tena inarudi kwenye sifuri vizuri kuliko yangu."

Mkahawa ukalipuka kwa kicheko.

"Lyle kahamia Ulaya!"

"Kahamia nusu! Miguu imebaki Montana!"

Doyle hakucheka. Akatoa fomu mfukoni, akasukuma sahani pembeni, akaandika jina lake kwenye mstari wa kwanza. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa pili. Aliitazama fomu muda mrefu, na mimi nikamtazama yeye, nikingoja anitazame.

"Lyle," akasema, bila kuinua kichwa. "Skaar inaandikwaje?"

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamtajia herufi moja moja mpaka akamaliza.