Ini Safi la Wanyoike

Wanyoike alikuwa amechinja ng'ombe kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuona ini likikaguliwa bila kisu. Kwa hiyo Daktari Nanzala alipomwambia kwamba ini lake limepimwa na liko sawa kabisa, alimtazama yule binti mwenye miwani kwa mashaka makubwa.

"Mmelipima saa ngapi?" aliuliza.

"Wiki jana, Mzee. Tulitoa damu, ukaleta mkojo, ukapigwa picha. Umesahau?"

"Sijasahau. Lakini damu mlitoa hapa." Akaonyesha mkono wake, pale unapokunjika. "Ini liko huku chini. Ni mbali."

"Damu inapita kwa ini kila wakati, Mzee. Ini ikiwa na shida, damu inatuambia."

"Na haikusema kitu?"

"Haikusema kitu."

"Pengine mliiuliza vibaya."

Daktari Nanzala alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena na kuinama mbele, sauti ikashuka. "Sisemi huna maumivu. Unayo. Nasema sioni kinachoyaleta. Kuna watu wamekunywa miaka mingi, wakaacha, na bado mwili unauma mahali ambapo vipimo havioni kitu. Hatujui yote. Ninachojua ni kwamba usirudie pombe. Rudi hapa baada ya miezi mitatu tuangalie tena."

Akamwandikia majibu kwenye karatasi, akagonga muhuri. Wanyoike aliipokea kwa vidole viwili, kama mteja aliyeomba nyama akapewa mfupa.

Ni lazima ieleweke kwamba mtu huyu hakutaka kuugua. Alitaka tu kuaminiwa. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amekunywa chang'aa, na hata serikali ilipoipiga marufuku mwaka wa themanini, kwa Wanyoike marufuku hiyo ilileta usumbufu mmoja tu, nao ni kutembea mbali zaidi kuitafuta. Katika miaka hiyo yote hakuumwa popote. Alianguka mitaroni, alilala kwenye umande, aliamka na kwenda kuchinja ng'ombe. Kisha mkewe, Waithira, akafunga cherehani yake kwa kamba, akamshika mkono binti yao Nduta, na kuhamia kwa kaka yake huko Yamumbi. Hapo ndipo Wanyoike alipoacha pombe. Wiki mbili baada ya kuacha, kikaanza kitu chini ya mbavu za kulia, kizito, kinachouma kama jino.

Mtu wa kazi yake hakuhitaji kuambiwa ni nini. Alikuwa ameona maini ya kila namna, ya mnyoo, ya usaha, magumu kama soli ya kiatu. Alifunga safari hadi Yamumbi, akasimama mbele ya shemeji yake na kusema, "Nimeacha. Na ini limeoza. Sina siku nyingi."

Waithira alirudi. Lakini alirudi na sharti, na alilitamka mbele ya kaka yake ili kuwe na shahidi: "Baba Nduta, ni glasi moja tu. Siku nitakayonusa glasi moja tu, nitarudi hapa, na hutanifuata tena."

Sasa ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Mtu aliyekuwa hana siku nyingi alikuwa ameongezeka kilo tisa, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya mara mbili.

Akiwa njiani kurudi nyumbani Munyaka siku hiyo ya Ijumaa, karibu na kinu cha kusaga mahindi, alimkuta Waweru. Waweru alikuwa rika lake, walitahiriwa msimu mmoja, na walikuwa wamelala mtaro mmoja zaidi ya mara moja.

"Marehemu!" Waweru aliita. "Daktari amekupa tarehe?"

Wanyoike aliingiza mkono mfukoni. Alimpa karatasi. Waweru alisoma polepole, midomo ikicheza, akafika kwenye muhuri, akairudia tena kutoka juu.

"Wanyoike, wewe umejua hii ni nini?"

"Ni majibu."

"Hii ni leseni! Imeandikwa na daktari, ina muhuri wa serikali. Ini safi! Mimi ambaye nimekunywa pamoja na wewe sina karatasi kama hii." Akamrudishia kwa heshima, kwa mikono miwili. "Ulisema umeacha kwa sababu ya ini. Sasa ini imekataa kesi. Kesho saa tisa Wamucii anafungua pipa la chang'aa, tuko kwake ng'ambo ya mto. Nitakuwekea kigoda."

"Lakini bado inauma, Waweru."

"Ilikuwa inauma ulipokuwa ukikunywa?"

"Hapana."

"Basi unangoja nini, umwulize nani mwingine?"

Wanyoike alienda zake, lakini swali lile lilimfuata mpaka mlangoni. Waithira alikuwa kwenye cherehani, akishona sare za shule. Aliinua macho na kuacha kukanyaga.

"Wamesemaje, Baba Nduta?"

Hapo mtu mkweli angesema. Wanyoike alikuwa mkweli katika mizani ya duka lake la nyama, na katika mambo mengi mengine, lakini wakati ule alihisi jambo ambalo hakulitarajia. Alihisi hofu ya kuwa mzima. Kwa miezi kumi na minne ini bovu ndilo lililomlinda. Kila miguu ilipotaka kuelekea mtoni, alijiambia: glasi moja, Wanyoike, na unazikwa. Sasa yule binti mwenye miwani alikuwa amempokonya jeneza lake, na hakumpa kitu kingine cha kushika.

"Wamesema ni mbaya kidogo," alisema. "Tungoje."

Waithira aliweka kitambaa chini. Macho yake yalijaa maji, na Wanyoike akatamani ardhi ya Munyaka ipasuke.

"Nitawaambia kina mama wa kanisa," alisema Waithira. "Watakuja kesho saa tisa, wakuombee."

Saa tisa! Kumbe saa nyingine zote zilikuwa zimekwisha.

Asubuhi ya Jumamosi, kichinjioni, Wanyoike alimsubiri Jackson, inspekta wa nyama, mtu wa huko Kiplombe aliyekuwa na koti jeupe, gambuti, na kisu kilichochongoka kuliko cha mchinjaji yeyote. Jackson alifanya kama afanyavyo kila siku. Alilaza ini la ng'ombe juu ya meza ya saruji, akalipasua mara tatu, akaminya mishipa kwa kidole gumba kutafuta mnyoo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ndivyo ini linavyokaguliwa, Wanyoike alijisemea. Mtu anaona kwa macho.

"Jackson, nisomee hii."

Jackson alifuta mikono. "Ni ya ng'ombe gani?"

"Ni yangu."

Jackson alimtazama, akatazama karatasi, akaisoma yote bila kucheka. Jambo hilo Wanyoike alilishukuru. "Mzee, hii ni safi. Ingekuwa ya ng'ombe ningepiga muhuri uende."

"Lakini inauma. Wewe umesomea maini. Niambie ukweli, inaweza kuwa safi na iume?"

Jackson aliliinua lile ini la ng'ombe, likaning'inia kando ya kisu. "Mzee, mimi nimekagua maini mingi sana tangu nimalize kozi. Hakuna hata moja imewahi kuniambia inauma. Mimi naangalia tu. Hiyo ya kuuma anajua mwenyewe, na mwenyewe ndiye yule." Akaelekeza kisu kwenye ngozi iliyotandazwa kando, pembe zikiwa bado juu yake. "Wewe uko na bahati. Unaweza kuulizwa."

"Kwa hivyo ningekuwa ng'ombe..."

"Saa hii ungekuwa umening'inia kwa duka lako, na watu wangepanga laini. Shukuru Mungu, Mzee."

Wanyoike alishukuru kwa mdomo. Alifungua duka, akakatakata nyama chini ya picha ya Rais iliyokuwa juu ya mizani kama ilivyotakiwa, na kila alipoinua shoka, ubavu ulimjibu. Saa saba maumivu yalikuwa yamefika mgongoni. Alifunga duka mapema. Alijiambia anakwenda nyumbani, na kwa kweli alianza na njia ya nyumbani, lakini alipofika kwenye kinu cha mahindi hakukata kona. Aliendelea kunyoosha. Aliketi kwenye jiwe kwa muda mrefu, akainuka, akanyoosha tena. Mwanamume mwenye karatasi ya muhuri hahitaji kujificha, alijiambia, huku akitazama nyuma kama mwizi wa kuku.

Njia iliteremka katikati ya miti ya miwati mpaka karibu na mto. Harufu ikampokea kabla ya watu: molasi iliyochacha, moshi wa kuni mbichi. Kwa mbali alisikia Waweru akicheka. Wanyoike akavuta pumzi, akavuta nyingine ndefu zaidi, ndipo akatambua kwamba anaweza kuivuta. Hakuna kilichomzuia. Alibonyeza chini ya mbavu. Alibonyeza tena, kwa nguvu, kama Jackson anavyominya mshipa.

Hapakuuma. Hata kidogo.

Alikuwa hajaonja tone. Hajaliona hata pipa. Alisimama kwenye njia ile, mkono ubavuni. Ini lililooza lingeuma kila mahali, nyumbani na mtoni. Hili lilikuwa limenyamaza kama mtoto aliyelia siku nzima, akamwona mama yake anakuja na kikombe. Miezi kumi na minne alidhani anaugua, kumbe alikuwa akiitwa.

Jambo hilo lilimtisha kuliko jeneza. Aligeuka. Kilima kile hakikuwa kirefu, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kumpa kazi kama miguu yake mwenyewe siku hiyo. Alipofika kinuni maumivu yakamrudia, mahali palepale, kwa uzito uleule, na Wanyoike, mtu mwenye akili timamu, karibu ayasalimie.

Nyumbani alikuta kina mama watano wameketi, wakiongozwa na Esther, mwenyekiti wao, mwanamke mrefu aliyejulikana kwa maombi marefu zaidi. Chupa za chai na uji zilikuwa zimejaa mezani.

"Baba Nduta, tulikungoja," alisema Waithira. "Keti hapa katikati."

"Ni upande gani tuweke mikono?" aliuliza Esther.

Wanyoike alionyesha. Mikono mitano ilishuka juu yake, mizito na ya moto. Esther alifunga macho. "Baba wa mbinguni, tazama hili ini lililooza, hili ini ambalo pombe imelila kama mchwa..."

"Ngojeni," alisema Wanyoike.

"Usikatize maombi, Mzee."

"Halijaoza."

Macho kumi yalifunguka. Ya Waithira yalikuwa yamefunguka tayari.

"Daktari ameniambia liko safi. Karatasi hii hapa."

"Amekuambia lini?" aliuliza Waithira.

"Jana."

Esther aliuondoa mkono wake, akautazama, akautazama na mguu wake. "Mama Nduta. Nimetoka Kiplombe kwa miguu, matope mpaka hapa, kuja kuombea ini ambayo ni nzima kuliko yangu?"

"Basi tuombee goti langu," alisema mama mmoja wa nyuma, "maana mikono tumeshainua."

Waliliombea goti. Kisha wakanywa chai yote, na uji wa mgonjwa pia, wakaondoka wakicheka mpaka barabarani. Waithira hakucheka. Alifunga mlango na kuegemea hapo.

"Ulifunga duka saa saba. Ulikuwa wapi?"

Kulikuwa na jibu jepesi. Wanyoike alilitazama, akaliacha lipite. "Nilikuwa nikienda kwa Wamucii."

Waithira alimkaribia, akamshika kidevu na kuunusa mdomo wake, kama alivyofanya miaka mingi ya zamani. Wanyoike alisimama wima akanuswa, mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Waithira alinusa mara mbili.

"Sikufika," alisema Wanyoike. "Nilikuwa karibu. Mama Nduta, maumivu yaliisha kabla sijafika. Yaliisha njiani, kwa harufu tu. Nikaogopa, nikarudi. Nilikudanganya jana kwa sababu ukijua niko mzima, na mimi nikijua niko mzima, sikujua kitu gani kitanizuia."

Waithira aliketi kwenye kiti cha cherehani. Kidole chake kikazungusha gurudumu polepole, mbele na nyuma, bila uzi.

"Mimi nilirudi kuuguza mtu anayekufa," alisema mwishoni. "Huyu mzima, mnene, sikumbuki kama nilimkubali."

"Najua."

"Inauma sasa?"

"Inauma."

"Sana?"

"Sana. Ilirudi nilipofika kinuni."

Waithira alimwangalia kutoka kichwani hadi viatuni, kama anayepima nguo itakayohitaji kitambaa kingi. "Basi wacha iume. Lakini siku ile itanyamaza, iwe ni kwa duka, iwe ni kanisani, unikimbilie uniambie. Nijue ni saa ya kukushika shati."

"Nitakuambia."

"Hata kama ni mbele ya wateja."

"Hata mbele ya wateja."

"Na usimame, basi. Pipa halina maji. Mtu mwenye ini safi namna hiyo anaweza kufika kisimani."

Wanyoike alichukua debe. Mlangoni aliushika ubavu na kujikunja kidogo, akatazama nyuma kuona kama ameonekana.

Alikuwa ameonekana.

"Mawili," alisema Waithira, akamsukumia debe la pili kwa mguu.